Samaki Wanaoivumilia Kericho

Sisi Wakipsigis hatukuwa watu wa samaki. Bibi yangu, aliyetulea kwa mursik na ugali wa wimbi, alimhesabu samaki katika ukoo wa nyoka, na sufuria iliyompika haikurudi tena kwenye meko yake. Lakini baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chai, na kwenye laini za kampuni tulipakana ukuta kwa ukuta na Wajaluo, Wakisii na Waluhya. Mshahara ukishatoka, harufu ya ngege wa kukaanga ilizunguka laini nzima, na bibi alipotutembelea siku hizo alijifungia ndani.

Mimi niliifuata harufu hiyo. Mama mmoja aliyeleta samaki kutoka soko la Sondu alinizoea akawa ananiita nyathina, yaani mwanangu. Karai lake ndilo lililonifundisha majina: ngege, mumi, kamongo, fulu wadogo wa kukausha, na ningu na fwani, ambao hupanda Mto Sondu Miriu kutaga mayai mvua ikianza. Huku juu, kwenye tawimto lake, Kiptiget, kulikuwa na samaki mwingine kabisa, trauti. Huyo aliletwa Kenya na walowezi mwaka 1905, akatiwa kwanza katika mito ya Nyandarua, kisha akasambazwa milimani kwa ajili ya mchezo wa kuvua. Mameneja wa mashamba walimfuata kwa ndoano siku za mapumziko. Maji yakiteremka na kupata joto, trauti huishia njiani na samaki wa karai la mama huyo huanza. Hivyo nilikua nikijua kwamba mto mmoja una wenyeji wa namna mbili, wala hawabadilishani makao.

Ujuzi huo ulikaa bure kichwani hadi mwaka 2009. Wakati huo nilikuwa nikifundisha baiolojia katika shule moja ya sekondari Bomet, na serikali ikaleta mpango wa kuchochea uchumi: mabwawa 200 ya samaki katika kila eneo bunge kati ya 140 yaliyochaguliwa, kila bwawa mita 300 za mraba, na vifaranga 1,000 wa kuanzia. Wazee ambao mama zao wasingegusa samaki walikuwa sasa wanaandikisha majina kwa chifu. Ngege walitiwa mabwawani, na baridi ikawapokea. Ngege hunawiri katika maji ya nyuzi 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 hudumaa na kuacha kuzaa, na karibu na 16 hata chakula hawakitaki. Waliokuwa na mabwawa ng'ambo ya Sotik, kwenye joto, walivua mapema. Waliopakana na msitu walingoja na kungoja.

Maofisa wa uvuvi walihimiza pia jambo ambalo wengi wetu hatukuwahi kulifikiria: kuchanganya. Ngege wakikaa peke yao penye joto huzaana kupita kiasi hadi bwawa linajaa samaki wa kimo cha kidole. Basi hutiwa kambale wachache, wadogo kuliko ngege wenyewe, ili wale vifaranga. Kambale akiingia mkubwa, hula na wazazi. Kwa mara ya kwanza nilisikia wakulima wakibishana kwenye mkutano wa chifu kuhusu nani awekwe na nani, kwa ukubwa gani, na kwa idadi gani.

Tangi la kioo lilikuja kwa mlango mwingine. Hoteli na kliniki za mjini Kericho ndizo zilizoanza kuweka matangi sebuleni, kisha maduka ya simu, kisha nyumba za watu. Fundi wa vioo aliyezoea kukata madirisha alijifunza kuunganisha vioo vitano kwa silikoni, na samaki walitoka Nairobi ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni, wakisafiri kwa matatu kupitia baridi ya Mau Summit. Enzi hizo mnunuzi alikuwa na swali moja tu: yupi ana rangi nzuri? Kwa hiyo tangi la lita 60 liliwekwa samaki wa dhahabu, gapi, neoni, moli weusi, samaki mpiganaji mwenye mapezi marefu, na mnyonya kioo wa kusafisha ukuta. Likawashwa taa, na wageni wakalisifu.

Baada ya majuma machache alibaki samaki wa dhahabu, na pengine mnyonya kioo. Watu walilaumu maji ya bomba, walilaumu safari, na wengine walimlaumu muuzaji. Sababu zilikuwa wazi kwa yeyote aliyewahi kutazama mto. Samaki wa dhahabu hupenda maji baridi, hukua kupita sentimita 20, huchafua maji kwa kasi, na hummeza yeyote anayetosha mdomoni, neoni wakiwa wa kwanza. Samaki mpiganaji anataka maji ya nyuzi 25 kwenda juu, na humwona gapi dume mwenye mkia mpana kuwa mshindani. Mnyonya kioo anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole anaweza kufika sentimita 30, hivyo tangi la lita 60 linamtosha utotoni tu.

Mabadiliko yaliletwa na kijana mmoja fundi wa vioo aliyechoka kuona wateja wakirudi na malalamiko. Alinunua kipimajoto, akakitumbukiza kwenye tangi la dukani kwake asubuhi na jioni. Siku moja alinijia na daftari. "Mwalimu," akaniambia, "hawa watu wananunua samaki wa Mombasa kuja kuwaweka Kericho." Nikalipeleka daftari lile kwa wanafunzi wa klabu ya sayansi, nao wakaanza kupima maji ya maabara.

Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Julai, tangi lisilo na hita lilianza asubuhi likiwa na nyuzi 16 au 17, na mchana lilipanda hadi 19 au 20. Hita ingeweza kusaidia, lakini stima ikipotea usiku, tangi dogo hupoa upesi, na samaki wa joto ndio wanaoanza kufa. Wanafunzi walipopima ugumu wa maji walikuta ni maji laini mno, hasa yale yaliyokingwa kwenye mabati. Mvua nyingi imeosha chokaa katika udongo wetu wa volkano ukabaki na asidi, na ndiyo maana majani chai yanaupenda. Moli na gapi wanataka kinyume chake, yaani maji magumu yenye chokaa.

Basi orodha ikageuzwa. Badala ya kuanza na rangi, tulianza na maji, na baridi tuliyoilaumu miaka yote ikatuchagulia yenyewe. Danio wenye milia ya buluu hustahimili nyuzi 18. Samaki wadogo wa mlima Baiyun wa China, wenye ubavu unaong'aa na mapezi mekundu, hawataki hita kabisa katika nyumba zetu nyingi. Kwa sakafu ya tangi kuna koridora wa madoadoa kutoka Amerika Kusini, mpole, anayetafuta makombo mchangani. Katika lita 60 kijana yule huweka kundi la Baiyun wanane na koridora sita, na hapo anafunga mkono. Kundi likipungua chini ya sita, samaki hawa huingiwa na woga na kujificha. Baiyun huogelea katikati na karibu na juu, koridora hukaa chini, kwa hiyo hawagombanii nafasi. Mdomo wa yeyote kati yao hauwezi kumeza mwenzake. Anayetaka gapi huwawekea tangi lao lenye hita na mawe ya chokaa, majike wawili au watatu kwa kila dume, maana dume humsumbua jike mchana kutwa.

Wateja nao wamejifunza kungoja. Bakteria wanaogeuza amonia ya mavi ya samaki kuwa kitu kisicho na sumu kali huongezeka polepole penye baridi. Tangi jipya Kericho linaweza kuchukua zaidi ya mwezi kabla ya kubeba kundi zima.

Siku hizi kijana yule ameongeza swali moja kabla ya kupokea pesa: ukichoka na samaki huyu, utampeleka wapi? Wengi hujibu kwamba watamwachilia mtoni, akafurahie uhuru wake. Hapo huwaeleza habari za mbuta, samaki anayekula samaki wenzake. Aliingizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaongezeka ghafla miaka ya 1980, na wataalamu wanakadiria kwamba aina zipatazo 200 za fulu zilitoweka. Baadhi ya fulu walionusurika walihifadhiwa katika matangi ya Ulaya na Marekani. Sondu Miriu yetu humwagika katika ziwa hilo, na Nyangores ya Bomet hufika huko kupitia Mara. Mtaro unaopita mbele ya duka lake mwisho wake ni ziwani, na asiye na jibu la swali hilo hauziwi samaki.