Mwana wa Kiume Chini ya Mbuyu: Jinsia, Matanga na Simulizi ya Mchezo wa Video

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kulizungumzia suala la jinsia kwa kumwangalia mwanamke. Tumewahesabu wahusika wa kike, tukauliza kama mwandishi amewachora kuwa vyombo vya starehe, mama wavumilivu au wanamapinduzi, na tumewafunza wanafunzi wetu kuuliza vivyo hivyo. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima na bado haijakwisha. Hata hivyo, upande wa pili wa suala hilo, yaani namna jamii inavyomuumba mwanamume, umeachwa kana kwamba uanaume ni jambo la maumbile lisilohitaji kuelezwa. Insha hii inakusudia kuutazama upande huo kwa kupitia utanzu ambao idara zetu bado hazijauamulia mahali pake, nao ni simulizi ya mchezo wa video.

Yamkini msomaji atauliza kama mchezo wa video ni fasihi. Jibu langu linaanzia kwenye ngano. Katika ngano za pwani yetu fanani hasimulii peke yake. Akisema “Paukwa!” hungoja aitikiwe “Pakawa!”, na wimbo uliomo ndani ya ngano hupokewa na waliohudhuria wote. Pasipo mpokezi, ngano husimama. Mchezo wa video nao husimama vivyo hivyo mchezaji anapoondoa mkono, kwa maana shujaa hawezi kupiga hatua wala hadithi haiwezi kufika mwisho. Kwa hiyo mchezo huu una ujamaa na fasihi simulizi kuliko ulio nao na riwaya. Aidha, kila mchezo una kanuni zinazoamua ni tendo lipi litalipwa na ni lipi litaadhibiwa. Mhakiki anaweza kuuliza: mchezo huu unamlipa mchezaji kwa kufanya nini? Hilo ndilo swali lile lile tunaloiuliza jamii tunapozungumzia jinsia.

Tukiziangalia baadhi ya kazi zilizovuma tutaona jinsi swali hilo lilivyojibiwa. Katika Super Mario Bros. ya mwaka 1985, mwanamume hukimbia na kuruka ili amwokoe binti mfalme aliyetekwa, na binti huyo hana kazi nyingine isipokuwa kungoja. Mwaka uliofuata ulitoka mchezo wa Metroid, ambamo mchezaji humwongoza askari aliyevaa vazi la chuma toka kichwani hadi miguuni. Mchezaji akimaliza kwa haraka ya kutosha, vazi huvuliwa na askari hubainika kuwa ni mwanamke. Mwaka 1996 alikuja Lara Croft wa Tomb Raider, mwanamke shujaa waziwazi, ingawa wahakiki wengi walilalamika kwamba umbo lake lilichorwa kwa kuyaridhisha macho ya wanaume. Hapa kwetu Kenya, Andrew Kaggia alitoa Nairobi X mwaka 2015, mchezo wa bunduki ambamo jiji letu kuu linavamiwa na viumbe kutoka sayari nyingine. Katika kazi hizi zote, hata pale shujaa alipokuwa mwanamke, tendo linalolipwa ni moja: kushinda kwa nguvu na kusonga mbele bila kutazama nyuma.

Ndiyo maana mchezo uitwao Tales of Kenzera: ZAU, uliotolewa mwezi wa Aprili mwaka 2024, unastahili kutazamwa kwa makini. Mbunifu wake ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyefiwa na babake mwaka 2013 na ambaye amesema hadharani kwamba kazi hii ilizaliwa na msiba huo. Ndani yake kijana Zuberi, aliyefiwa na babake, anasoma kisa alichoachiwa na marehemu. Kisa hicho kinamhusu Zau, mganga kijana anayemwita Kalunga, mungu wa mauti, na kufanya naye mapatano: Zau amletee pepo wakuu watatu, naye Kalunga amrudishie baba yake. Mwanzo ni ule ule wa mashujaa wote, maana Zau anadhani kwamba akipigana vya kutosha atalishinda kaburi. Mwisho wa safari anajifunza kumwachilia baba yake aende.

Kwangu mimi, hata hivyo, uzito wa kazi hii umo katika kanuni moja ndogo. Njiani imo mibuyu. Zau akifika chini ya mbuyu, mchezaji anaweza kumketisha, naye kijana huyo huzungumza na Kalunga juu ya uchungu, hasira na hofu aliyo nayo. Anapoinuka, kiwango cha uhai wake kimeongezeka. Tukumbuke kwamba kiwango hicho ndicho kila mchezaji hukilinda kuliko kitu chochote. Basi mtunzi ameandika katika kanuni, wala si katika mazungumzo tu, kwamba mwanamume anayeketi na kukiri kuwa ameumia huinuka akiwa na nguvu zaidi.

Sasa tuipeleke kanuni hiyo Kwale. Mibuyu tunayo, kuanzia Diani mpaka Msambweni na mbele yake, lakini mila ya matanga haimketishi mwanamume chini yake. Kifo kinapotokea, kazi hugawanywa kwa jinsia pasipo mtu kuamrisha. Wanawake hujaa ndani ya nyumba, na kilio ni chao. Wanaume huchimba kaburi, hubeba jeneza, huzika, kisha hukaa uani wakihesabu gharama. Mjane huingia eda ya miezi minne na siku kumi, na muda wote huo jamii nzima inajua kwamba yumo msibani. Mwanamume hukabidhiwa jembe siku ya maziko, na kesho yake hutazamiwa kazini. Akionekana kulegea ataambiwa jikaze, wewe ni mwanamume. Wapo wanaodhani kwamba agizo hilo ni la dini. Lakini kila mtoto wa madrasa pwani amefundishwa kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, wala hakuona haya. Agizo hilo ni la kwetu sisi wenyewe.

Nalisema hili kwa kuwa limenigusa. Dada yangu aliyeolewa Msambweni alifiwa na mumewe, akaachwa na watoto wawili, msichana wa miaka kumi na sita na mvulana wa miaka kumi na minne. Siku ya maziko wazee walimshika mvulana bega, wakamwambia kwamba tangu leo yeye ndiye baba wa nyumba. Nami niliitwa kando. Kwa Mdigo, mjomba si jamaa wa mbali. Hapo zamani ndiye aliyekuwa na kauli juu ya watoto wa dadake, na hao ndio waliomrithi. Niliambiwa nimwangalie kijana, asije akawa laini. Kijana mwenyewe hakuhitaji kuangaliwa, maana hakuwa akisema lolote. Alichota maji, aliwapokea wageni, na kila usiku alilala uso ukielekea ukutani.

Arobaini ilipopita, mama yao akiwa bado yumo edani, niliwapelekea kompyuta yangu iliyokuwa na mchezo huo. Nilichagua sauti za Kiswahili, kwa kuwa mchezo umetiwa sauti za lugha yetu tangu mwanzo hadi mwisho. Mvulana alicheza siku tatu kama achezavyo mpira katika vibanda vya gemu vya Ukunda, yaani kwa haraka. Siku ya nne alifika penye mbuyu, akamketisha Zau, asimwinue.

“Mjomba,” aliniuliza, “mbona huyu anaambiwa aseme?”

Nilimjibu kwamba asiposema hatafika. Hakuniuliza zaidi. Dada yake, aliyekuwa akimwelekeza njia kutoka nyuma ya bega lake bila kupewa padi hata mara moja, ndiye aliyeuliza swali lililonipa kazi ya kufikiri.

“Mjomba, na kama Mama ndiye angetaka kumfuata Baba, angeruhusiwa kutoka?”

Nilimweleza kwamba eda si kifungo. Ni ibada, na ni heshima ya ndoa, na tena ni muda ambao mjane hadaiwi mambo mengi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Basi na kaka naye angewekewa siku zake.”

Katika usomaji wangu sijakutana na mhakiki aliyeieleza mizani ya jinsia kwa ufupi kama huo. Msichana huyu hakuwa akidai kwamba sheria ya eda ibadilishwe, wala mimi sina shabaha ya kuigusa. Alichokiona ni kwamba mama yake amepewa muda bila njia, na kaka yake amepewa njia bila muda. Mmoja ana ruhusa ya kulia lakini hana safari. Mwingine ana safari lakini hana ruhusa ya kulia.

Mgawanyo huo umo pia katika fasihi yetu kongwe. Yapata mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia bintiye Mwana Hashima utenzi akiwa mgonjwa. Wahakiki wamebishana kama utenzi huo unamfunga mwanamke au unamfundisha kuishi kwa werevu katika dunia ya wanaume. Tuuweke utenzi huo kando ya kisa alichoachiwa Zuberi. Zote mbili ni kazi ambazo mzazi humwachia mtoto. Lakini mama anamwachia binti maagizo ya kukaa na watu, na baba anamwachia mwana hadithi ya kusafiri. Hata mauti yanapobisha hodi, urithi wa maneno hugawanywa kwa jinsia.

Utenzi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, unatupa mfano wa pili. Liyongo ndiye kielelezo cha uanaume katika pwani yetu, nguvu zake zikiwatisha wafalme. Hata hivyo, anatoka gerezani kwa sababu mama yake anaificha tupa ndani ya mkate wa wishwa, na kijakazi Saada anaufikisha. Anauawa na mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa cheo na mke. Baada ya hapo anabaki amepiga goti kisimani na uta mkononi, watu wakiogopa kumkaribia kwa kudhani yu hai, na mama yake ndiye anayeombwa aende akamtulize. Mji mzima ulishindwa kutofautisha ukakamavu wa mwanamume na mauti yake. Kila nikimwona kijana wa miaka kumi na minne akipokea wageni kwa uso mkavu, humkumbuka Liyongo pale kisimani.

Sisemi kwamba mchezo wa Salim umeyatatua haya. Baina ya mbuyu na mbuyu Zau hupigana, na mchezaji mwenye pupa anaweza kuipita mibuyu asitue. Pia pepo wake wamekusanywa kutoka pande mbalimbali za Afrika, kama vile Impundulu, ndege wa radi wa Waxhosa na Wazulu, na hivyo mtu wa Kwale hatauona mzimu wa kwao hapo. Tena kipo kikwazo kilicho nje ya kazi yenyewe. Vibanda vya gemu vya Ukunda nilivyovipitia ni baraza za wavulana. Msichana apitaye hapo hutazama kutoka mlangoni, nako nyumbani padi humfikia kaka kwanza. Ngano ilikuwa na uadilifu zaidi katika hili, kwa sababu aliyeisimulia mara nyingi alikuwa bibi, na wimbo uliwekwa vinywani mwa wajukuu wote kwa pamoja.

Lipo, hata hivyo, jambo moja ambalo historia ya Wadigo inatufundisha na ambalo mhakiki hana budi kulishika. Urithi uliokuwa ukifuata upande wa mama ulihamia upande wa baba kadiri Uislamu ulivyoenea na mahakama na hati za ardhi zilivyoshika nguvu. Baadhi ya wazee wetu waliyashuhudia mabadiliko hayo kwa macho yao. Ikiwa nafasi ya mjomba, jambo zito kama hilo, iliweza kuandikwa upya, basi agizo la kwamba mwana wa kiume asilie nalo si la maumbile. Ni kanuni iliyowekwa na watu, na kila matanga tunaiweka tena kwa kumshika mtoto bega.

Kwa hiyo ninapendekeza kwamba idara zetu ziufungulie mlango utanzu huu, usomwe sambamba na ngano na tenzi, na wanafunzi waulizwe kila mara ni tendo gani linalolipwa na ni nani anayelipwa. Kwa upande wangu, kama mjomba, nimewaomba wazee wa Msambweni kwamba kijana apewe siku zake kabla ya kupewa nyumba. Baadhi yao wamecheka. Mmoja, ambaye alimzika babake akiwa na umri kama wa kijana huyu, hakucheka. Padi nayo sasa inashikwa kwa zamu.