Tulipoanza Kutajiana Bei

Aprili 2022 maduka makubwa ya Uingereza yalianza kuwapimia wateja mafuta ya kupikia. Tesco waliruhusu chupa tatu kwa mtu mmoja, Morrisons na Waitrose mbili. Sehemu kubwa ya mafuta ya alizeti duniani hutoka Ukraine na Urusi, na vita vilikuwa vimeziba njia. Waingereza wengi walisoma habari hiyo wakaendelea na shughuli zao. Jikoni kwa mtu wa Tanga haikuwa habari ya kusoma na kupita. Ramadhani ilikuwa inaingia kumi la mwisho, na futari yetu nusu yake hupitia kwenye karai: sambusa, bajia, katlesi, kaimati.

Mwaka ule ndio ulionibadilisha. Ninatoa ushuhuda huu kwa sababu najua wako wengi ughaibuni wanaoishi kama nilivyokuwa nikiishi, na hawasemi.

Naishi Leicester. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao, na mume wangu anafanya kazi ghalani kupitia wakala, leo anaitwa, kesho haitwi. Mwaka 2022 saa zake zilipungua. Bili ya umeme na gesi ilipanda Aprili, kabla hatujaizoea ikatangazwa kwamba Oktoba itapanda tena. Chakula nacho hakikusimama. Kufika Machi 2023 bei za vyakula hapa zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 19 ndani ya mwaka mmoja, jambo ambalo nchi hii haikuliona kwa zaidi ya miaka 45. Kwa mama mwenye watoto, asilimia hizo ni kumwambia keshia, mbele ya foleni, kwamba jibini na mfuko wa matunda uviondoe, sivichukui.

Lakini hata hayo yalikuwa na ahueni. Kilichonila zaidi ni kunyamaza. Sisi watu wa pwani tumelelewa kusitiri. Shida ya nyumba yako haivuki kizingiti, na mgeni akija anapikiwa pilau hata kama kesho hamjui mtakula nini. Ni adabu njema na sitaki mtu aidharau. Ila nyumbani adabu hiyo ina wenzake. Jirani anaona jiko lako halijawaka, hasemi neno, lakini jioni mtoto anakuja na bakuli limefunikwa kawa. Hapa hakuna anayeona jiko la mwenzake. Ukinyamaza, umenyamaza kweli, na hakuna mtoto atakayekuja na bakuli. Mama yangu akipiga simu kutoka Tanga namwambia hatujambo, tunashukuru. Akiomba hela ya dawa natuma, kisha sisi tunakula wali na mchuzi wa dengu hadi mwisho wa wiki.

Dada mmoja wa Unguja niliyejuana naye msikitini ndiye aliyeniingiza kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wanaozungumza Kiswahili katika miji ya huku: Leicester, Coventry, Northampton, Birmingham. Nilidhani nitakuta salamu za Ijumaa na matangazo ya harusi. Nikakuta watu wanatajiana bei. Picha ya rafu, jina la duka, saa. "Samaki wa njano wapo, vibua na salmoni. Nimechukua pakiti mbili, nimewaachia wenye kuweza kuwahi." Aliyeandika hivyo ni mwanamke niliyekuwa nikimtazama kwa mbali nikisema huyu Mungu amemjalia, ana gari, watoto wake wanapendeza. Naye anafuata vibandiko vya njano, na anasema waziwazi, kwa jina lake. Usiku ule nilisoma ujumbe wa zamani wa kundi lile mpaka simu ikaishiwa chaji.

Kwa asiyeishi huku: bidhaa inayokaribia tarehe yake hubandikwa karatasi ya njano yenye bei mpya. Punguzo la kwanza huwa dogo, na kadiri saa ya kufunga inavyokaribia ndivyo linavyokua. Kila tawi lina saa yake na mfanyakazi wake, na hakuna mahali ilipoandikwa. Ujuzi huo uko vichwani mwa wanunuzi tu. Mtu mmoja hawezi kuzungukia maduka yote kuujua, hasa mwenye watoto na zamu za usiku. Watu ishirini wakiambiana, wanaujua mji mzima.

Walinifundisha kwanza tarehe. Tarehe za chakula ni mbili na si ndugu. Moja inakwambia utumie kabla ya siku fulani: hiyo ni ya usalama, iko kwenye nyama, samaki na vyakula vinavyoharibika upesi, na haivukwi hata kama chakula hakinuki. Nyingine inakwambia ni bora kabla ya siku fulani, nayo ni ya ubora tu. Biskuti, mchele, pasta na vya kopo havigeuki sumu kwa kupitwa na siku hiyo. Na kile chenye tarehe ya usalama unaweza kukiweka kwenye friza hata siku yenyewe, bora isipite. Maziwa nayo yanagandishwa. Nilikuwa nimeishi nchi hii miaka mingi bila mtu kunieleza.

Halafu kuna Bi Mkubwa. Sote tunamwita hivyo. Ni mwenyeji wa Mombasa, mstaafu, ana kadi ya basi ya bure ya wazee inayoanza kufanya kazi saa tatu na nusu asubuhi, na kwa kadi hiyo anaijua Leicester kuliko madereva wake. Siku moja alikubali tufuatane. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitika marahaba, na kabla hatujachukua toroli akanisimamisha mbele ya rafu ya mchele.

"Mwanangu, unasoma wapi?"

Nikamwonyesha bei.

"Hiyo namba kubwa wameiandika wao kwa haja zao. Soma hii ndogo ya chini."

Namba ndogo ni bei kwa kilo, au kwa gramu 100. Tangu siku hiyo macho yangu huanzia pale. Mfuko mkubwa mara nyingi huwa nafuu kwa kilo, lakini si siku zote, na "mbili kwa bei hii" wakati mwingine ni ghali kuliko moja ya chapa ya duka lenyewe iliyowekwa rafu ya chini kabisa, pale unapolazimika kuinama. Ugumu ni kwamba hata namba hizo ndogo hazilingani: hii imepigiwa kwa gramu 100, jirani yake kwa kipande. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza iliyasema hayo mwaka 2023, ikataka kanuni zirekebishwe. Bi Mkubwa alikuwa akiyasema zamani, na kikokotoo chake mkononi.

Akanipeleka kwenye viungo. Bizari nzima iko sehemu mbili katika duka moja: rafu ya viungo, kwenye vichupa vya kioo, na rafu ya vyakula vya mataifa, kwenye mifuko. Ni bizari ileile, lakini kwa gramu ya kichupa unalipa mara kadhaa ya bei ya mfuko. Iliki, mdalasini, manjano, hali ni hiyohiyo. Kwenye dawa pia: paracetamol ya chapa ya duka ina miligramu 500 zilezile za ile yenye jina la kutangazwa kwenye televisheni, na inauzwa kwa peni chache. Kadi za uaminifu kama Clubcard, ambayo Tesco walianza nayo mwaka 1995, siku hizi zinaweka bei mbili kwenye bidhaa moja, ya mwenye kadi na ya asiye nayo. Mamlaka hiyohiyo ilizichunguza, na Novemba 2024 ikasema mapunguzo mengi mno ni ya kweli. Lakini ikaongeza kwamba bei ya kadi si lazima iwe ndogo kuliko zote mtaani. Kwa hiyo tunazichukua kadi, na bado tunaulizana.

Kundi lina adabu zake, nami nazitetea. Huzoi rafu nzima. Humsongi mfanyakazi anayebandika, unamwachia nafasi amalize, unamsalimia. Hununui cha njano kwa sababu ni cha njano: kama nyumbani hakiliwi, pauni uliyoitoa imepotea, na kuna mwenzako angekihitaji. Anayenunua ili akauze tena kwa faida huambiwa kwa upole, na asiposikia hutolewa. Mchele na unga wa chapati tunavinunua kwa magunia na kugawana, hasa kabla ya Ramadhani ambapo maduka makubwa kadhaa hupunguza bei za bidhaa hizo. Wakati mwingine tunanunua kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Jinja, ambaye hutujibu kwa Kiswahili na kutupimia bila haraka. Familia yake ilifika hapa baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972. Halmashauri ya Leicester ilikuwa imechapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije. Anasema miaka ile nao waliishi kwa kununua pamoja.

Usiku mmoja binti wa watu aliandika kwenye kundi. Alikuwa na mtoto wa miezi michache, hakuweza kunyonyesha, na maziwa ya kopo yalikuwa yamemshinda bei. Aliuliza, kwa maneno ya kuzungukazunguka, kama akiongeza maji kidogo kopo lidumu kuna neno.

Kwa maziwa hayo hakuna kibandiko cha njano. Sheria ya Uingereza inakataza kuyatangaza na kuyapunguzia bei maziwa ya kopo ya watoto wachanga ili kulinda unyonyeshaji. Nia ni njema, lakini kwa mama aliyelazimika kununua ina maana kwamba hata akizunguka maduka usiku kucha hatakuta kopo la bei ya kutupa. Jawabu lilitoka kwa wenzake. Mkunga mmoja aliyekuwa kundini alimjibu kabla ya wote: usiongeze maji, mtoto atakosa lishe, ni hatari. Kisha akamweleza kitu ambacho wazazi wengi hawaambiwi: maziwa yote ya hatua ya kwanza yanayouzwa nchini yanabanwa na sheria moja ya viini lishe, kwa hiyo kopo la bei ndogo linamtosha mtoto sawasawa na lile la bei kubwa. Februari 2025 mamlaka ya ushindani ilikuja kusema hadharani kwamba mzazi anayehama kutoka chapa maarufu anaweza kuokoa kiasi cha pauni 300 katika mwaka wa kwanza wa mtoto. Mwingine akamuuliza kama ameomba Healthy Start, kadi ya serikali kwa wajawazito na wazazi wa kipato kidogo wenye watoto chini ya miaka 4, inayonunua maziwa, matunda na mboga. Hakuwahi kuisikia. Mtu akakaa naye kwenye simu wakajaza maombi pamoja. Asubuhi kopo mbili zilikuwa mlangoni kwake, na aliyezileta hakuandika chochote kundini.

Nilipoyaona hayo nilielewa kwamba bakuli lililofunikwa kawa lilikuwa limetufikia hata huku. Kusitiriana kumebaki. Binti yule hajawahi kutajwa kwa jina nje ya kundi, na hata hapa nimebadilisha mambo madogo ili asijulikane. Kilichoondoka ni kule kuteseka na jirani yupo.

Nyumba yangu imebadilika kwa mambo yanayoonekana. Mimi na mume wangu tunakaa Jumapili na daftari, tunapanga chakula cha wiki kwa kuanzia vilivyomo kwenye friza, ndipo tunaandika vya kununua. Zamani tulikuwa tukikwepana na risiti. Watoto wanajua kusoma namba ndogo na hawaoni haya ya kibandiko. Mkubwa ndiye anayefungua programu ya Olio kutazama nani mtaani ana mkate au mboga za kugawa bure. Matumizi ya chakula yamepungua vya kutosha hata natuma Tanga kiasi kisichobadilika kila mwezi, na mwezi ukiwa mgumu nasema.

Kumwambia mama ndiko kulikokuwa kugumu kuliko yote. Nilimwambia kwamba huku mafuta yamepanda, kazi ya baba watoto haina uhakika, na kwamba mara nyingine nikituma tunabanwa. Nilitegemea atahuzunika. Akauliza lita moja ni pauni ngapi, akanifanya nizigeuze kuwa shilingi, akanyamaza kidogo. "Hata hapa Ngamiani yamepanda," akasema. "Ungeniambia mapema mwanangu, dawa nyingine ningechukua kidogokidogo." Sasa kila tukizungumza ananitajia bei za sokoni kwake nami namtajia za kwangu.

Wewe unayesoma haya na mwisho wa mwezi unakufikia kabla ya mshahara, tafuta mtu mmoja unayemwamini umwambie hali ilivyo, wiki hii. Kama una mtoto mchanga, usiongeze maji kwenye maziwa, uliza kwanza. Na kama wewe mambo yako ni mazuri lakini unajua duka gani linapunguza bei saa ngapi, au fomu gani inajazwa wapi, waandikie wenzako leo.