Uvimbe nyuma ya goti la mtoto: tusikimbilie kisu

Kazi ya redio inanifikisha kila wiki Katuba, Ruashi na Kampemba, na mazungumzo mengi na wazazi huishia kwenye afya ya watoto. Swali moja limenirudia mara kadhaa: mtoto ana uvimbe nyuma ya goti, je, apasuliwe? Wanaouliza sana ni wamama waliokimbia vita, wanaoishi kwa ndugu na hawana hata feza ya makala. Kwao, operesheni moja ni deni la mwaka mzima.

Jambo hili limeingia hata katika familia yetu. Mtoto wa dada yangu alipasuliwa akiwa na miaka sita, katika kliniki moja ya hapa mjini. Goti halikumuuma, alikuwa akicheza mpira na wenzake kila jioni. Dada aliuza cherehani yake ili alipe. Baada ya miezi minane, uvimbe ulirudi palepale, chini ya kovu, na kliniki ikamwambia atafute feza ya operesheni ya pili. Hakuna aliyemweleza, mara ya kwanza wala ya pili, kwamba uvimbe huu una tabia ya kurudi ukikatwa, na kwamba mara nyingi unaondoka wenyewe ukiachwa.

Waganga wanauita uvimbe wa Baker, kwa jina la William Morrant Baker, mpasuaji wa London aliyeueleza mwaka 1877. Nyuma ya goti kuna kifuko kidogo kati ya mishipa ya nyama, kinachosaidia isisuguane. Kifuko hicho kikijaa majimaji mazito, kinatokeza kama yai, upande wa ndani. Mguu ukinyooshwa kinakaza, ukikunjwa kinalegea. Kwa mtu mzima, mara nyingi ni dalili kwamba ndani ya goti kuna ugonjwa. Kwa mtoto, goti lenyewe huwa ni zima.

Mwaka 1975 munganga Mwingereza aitwaye Dinham alitoa hesabu ya watoto wenye uvimbe huu. Kati ya 70 ambao hawakupasuliwa, uvimbe wa 51 ulipotea wenyewe, kwa wastani baada ya mwaka 1 na miezi 8. Kwa wale waliopasuliwa, ulirudi kwa asilimia 42. Yaani karibu nusu yao walikatwa, wakashonwa, wakaumia, kisha wakarudi walipoanzia. Hata kuvuta maji kwa sindano hakusaidii sana, kwa sababu kifuko kinabaki na kinajaa tena.

Ndiyo maana kwa mtoto asiye na maumivu, dawa ya kwanza ni kungoja huku akifuatiliwa. Lakini kungoja kunaanza baada ya munganga kumwona, si kabla. Yeye atagusa uvimbe, ataumulika kwa tochi aone kama mwanga unapita, na akiwa na shaka ataomba ekografi. Bei ya ekografi ni ndogo sana mbele ya bei ya operesheni.

Kuna uvimbe mwingine ambao hautaki kungojewa hata siku moja. Goti likiwa la moto, jekundu, mtoto ana homa au anakataa kukanyaga, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku: usaha ndani ya goti unaweza kuliharibu kwa siku chache. Kwa mtoto mwenye SS msisubiri hata kidogo, maana mifupa yake hushikwa na maambukizi kwa urahisi. Na uvimbe ulio mgumu, unaokua haraka, unaouma usiku, au unaokuja pamoja na kukonda, lazima uonwe katika hospitali kubwa kama Sendwe au kliniki za Chuo Kikuu cha Lubumbashi.

Operesheni ina nafasi yake: uvimbe ukiuma muda mrefu, ukizuia mguu kukunjika, au waganga wakiwa na shaka juu ya asili yake. Hapo mzazi ana haki ya kuuliza mambo matatu kabla ya kulipa: Je, ekografi imefanywa? Mtoto akiachwa bila kupasuliwa, itakuwaje? Na uvimbe ukirudi, mtafanya nini? Munganga mzuri hachukii maswali hayo.

Kwa wale wanaoshauriwa kuchanja kwa wembe au kukamua kwa nguvu: nyuma ya goti unapita mshipa mkubwa wa damu unaolisha mguu wote, pamoja na mshipa wa fahamu. Wembe ukikosea hapo, mtoto anaweza kupoteza mguu kwa ajili ya uvimbe ambao ungeondoka wenyewe.

Mpwa wangu hakupasuliwa tena. Munganga wa mifupa alimpima, akamwambia dada arudi naye kila baada ya miezi sita. Uvimbe bado upo, lakini umepungua, na mtoto anakimbia. Dada sasa anaweka feza kidogo kidogo ili anunue cherehani nyingine.