CD Tano na Neno Nililolisema Dukani



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Ihanda, wilayani Karagwe, nikisaidia kazi ndogondogo katika ofisi ya parokia. Kompyuta ya ofisi ni ya zamani mno. Ilikuwa bado inatumia Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Aprili 8, 2014, na virusi vilikuwa vimejaa kiasi kwamba kuandaa cheti kimoja cha ubatizo kulichukua karibu nusu saa. Baba Paroko akaniuliza kama naweza kuitengeneza. Nikajibu, "Kesho jioni itakuwa tayari, Padre." Nadhani ni kule kuitwa "Frateri wa kompyuta" kulikonipa ujasiri huo.

Nilinakili kwanza orodha ya wabatizwa kwenye flashi. Kisha nikaamua kuweka Debian, mfumo wa bure ambao mashine dhaifu inaweza kuubeba. Kompyuta ile haikubali kuwaka kwa flashi, bali kwa CD tu. Nikapakua faili la ISO kwa bando la simu, nikanunua CD tupu tatu duka la jirani, nikachoma ya kwanza kwa laptopu yangu. Programu ikasema imekamilika. Nikaiingiza kwenye kompyuta ya ofisi, nikapanga mashine ianze na CD, nikawasha. Maandishi meupe kwenye kioo cheusi yakaniambia hakuna kitu cha kuwashia. Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo.

Nikatembea hadi dukani na, mbele ya wateja, nikasema kwa sauti kuwa CD zake ni feki.

Mwenye duka ni mtu mzima, anaimba besi kwenye kwaya yetu. Alinitazama tu. "Frateri, hizi nauza siku zote, vijana wanachomea nyimbo." Nikamjibu kuwa nyimbo ni mambo mengine. Akanirudishia pesa bila neno la pili.

Kesho yake nilikwenda Kayanga, nikanunua mbili za aina nyingine. Ya nne ikagoma vilevile. Wakati huo katekista alikuwa amekuja kufuatilia cheti cha kijana aliyekaribia kufunga ndoa. Akachungulia laptopu yangu nilipokuwa nimeifungua ile CD, akauliza, "Frateri, mbona humu mna kitu kimoja tu?"

Kweli. Mlikuwa na faili moja, limekaa kama nilivyolipakua. Sisi tunaosoma falsafa tumefundishwa na Aristotle kwamba rundo la matofali bila umbo la nyumba bado si nyumba, nami nililijibu swali hilo vizuri kwenye mtihani! Faili la ISO ni taswira ya diski nzima. Kompyuta inapowaka haijui bado kufungua mafaili. Inakwenda mahali maalumu kwenye diski, sekta ya 17, kama utaratibu uitwao El Torito ulivyopanga mwaka 1995, na hapo inatafuta maelekezo ya kuanzia. Ukilichoma ISO kama unavyochoma wimbo, maelekezo hayo hayapo pale. Lazima uchague kuchoma taswira ya diski. Ukimaliza, ifungue CD: ukikuta folda nyingi badala ya faili moja, hatua hiyo umeivuka.

Ya tano nikaichoma hivyo, kwa kasi ndogo. Menyu ya Debian ikatokea, katekista akapiga makofi. Robo saa baadaye kazi ikakwama katikati.

Kosa hili la pili lilikuwa limetangulia yote. Bando lilikatika wakati napakua, nikaongeza jingine, nikaamini faili limefika zima. Debian hutangaza kwa kila faili alama ya uhakiki, SHA256, yenye herufi na tarakimu 64. Unaikokotoa kwenye faili lako na kulinganisha. Ya kwangu ilitofautiana tangu mwanzo. Hiyo ni kazi ya dakika mbili, na inafanywa kabla ya kugusa CD yoyote. Diski tano, na hakuna hata moja iliyokuwa mbovu.

Nikapakua upya, alama zikalingana. Ilibaki kununua CD ya sita.

Nilifika dukani nikakuta hakuna watu, nikafurahi. Halafu nikakumbuka kuwa sikumsema faraghani. Nikakaa kwenye benchi mpaka wateja walipoingia, na mmoja wao alikuwepo siku ile. Nikasimama. "Tata, CD zako ni nzima. Aliyekosea ni mimi, na nilikusingizia mbele za watu. Naomba unisamehe." Nikamlipa CD nne: ile mpya na zile tatu alizonirudishia pesa.

Alihesabu pesa taratibu, akauliza zile zilizoharibika ziko wapi. Nikamwambia zimo mkobani. Akaziomba, maana mtama wake ulikuwa unaanza kukomaa na ndege walikuwa wameshauona.

Kijana alipata cheti chake Alhamisi. Nami kila nilipokwenda Misa ya asubuhi nilipita kando ya shamba lile, CD zangu tano zikining'inia kwenye kamba na kumetameta juani.