Simu Kali, Picha Ukungu!

Leo sina umbea wa mtu, nina wangu.

Juzi nilikutana na staa mmoja wa Bongo Fleva pale Nyerere Square, Dodoma. Jina kapuni. Siku zote picha za blogu hii nadokoa kwa watu, nikasema leo napiga yangu. Nikaazima simu ya mshkaji: kioo kizima, hakina hata tobo, kamera imejificha chini ya kioo.

Saa saba mchana, jua liko mgongoni kwetu. Kuangalia picha, sura zote ukungu! Staa keshapanda gari, kasepa.

Nikajua simu feki. Kumbe mwanga unapenya kwanza kwenye skrini, unagonga vidoti na vinyaya vyake, mwingine unadundadunda humo ndani kabla haujafika kwenye kamera. ZTE waliitoa kwenye Axon 20 mwaka 2020, Samsung wakafuata na Galaxy Z Fold3 mwaka 2021. Samsung wakapunguza vidoti juu ya kamera ili mwanga upite, ila bado.

Kwa hiyo ukiwa nayo, usielekeze kioo kwenye jua. Ingia kivulini.

Picha ninayo, sijaifuta. Niiposti hivyo hivyo au niendelee kudokoa? Nijibuni hapo chini.