Ukucha wa Mwalimu

Kifaa chenyewe ni kidogo kama punje ya mtama. Nilivunja ncha ya penseli, nikaibandika kwa nta ya nyuki chini ya ukucha wa kidole gumba cha mkono wa kulia, ikachungulia kidogo tu. Kwa ncha kama hiyo mfanya mazingaombwe huandika kwa siri, upande wa kadi usioonekana na watu, tarakimu ambayo mtazamaji amekwisha kuitamka. Kisha huionyesha kana kwamba aliitabiri. Huko Uingereza na Marekani vifaa vya namna hii huuzwa madukani. Mimi nilitengeneza changu nyumbani, karibu na Mugumu, wilayani Serengeti, nilipokuwa nikifundisha darasa la tano.

Kukitengeneza kulichukua dakika chache. Kujizoeza kulichukua majuma sita. Tarakimu 1 na 7 hazikunisumbua, lakini 8 ilinishinda siku nyingi, kwani kidole gumba hakizunguki kwa wepesi. Nilichora mraba mdogo katikati ya kadi ili kidole kisipotee, na hata kwa penseli ya kawaida nikajifunza kuandika vibaya vilevile, maandishi yasije yakatofautiana. Hata hivyo, siri haiko ukuchani. Siri ni wakati: watazamaji huona penseli ikiwekwa mezani, wakaamini kuwa kuandika kumekwisha.

Hilo ndilo nililotaka wanafunzi waligundue wenyewe. Niliwaambia kuwa nimeandika idadi ya ng'ombe ambayo mmoja wao anaifikiria. Msichana mmoja akasema 17. Nikageuza kadi; darasa zima likanyamaza. Kabla sijauliza swali lolote kengele ikalia, nami, kwa majivuno, nikaona ni vema walale na fumbo hilo. Ninyi wanachuo msifanye hivyo hata mara moja: fumbo na ufumbuzi wake viwe katika kipindi kimoja.

Jioni baba yake yule msichana akabisha hodi. Ng'ombe 17 walikuwa wake, nao walikuwa wameibwa.

"Mwalimu, idadi umeijua. Basi nitajie aliyewachukua."

Aliyekulia Tarime au Serengeti hahitaji kuelezwa uzito wa ombi hilo. Mtu akitajwa huitwa mbele ya baraza la ritongo, au hafikishwi huko kabisa. Na mzee alikuwa na jina tayari. Mpiga ramli mmoja alikuwa amelitoa katika karatasi iliyokunjwa, kwa malipo ya mbuzi. Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli Januari 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, lakini huyu alifanya kazi yake usiku. Mzee akalitamka lile jina, akanitazama usoni, akingoja niitikie.

Nikaleta taa na nta. Nilipomwonyesha hakucheka. Akataka nirudie, safari hii akiketi upande wangu wa kadi.

"Kumbe unaandika baada ya mimi kusema?"

"Baada, Mzee."

Akakaa kimya kitambo. "Yule naye aliniuliza kwanza ninamshuku nani."

Akaomba ile ncha, akaifunga katika kipande cha gazeti, akaenda nayo kwa ndugu zake usiku uleule. Asubuhi nililazimika kutengeneza nyingine kabla ya kipindi. Nikaanza kwa swali nililopaswa kuliuliza jana yake: "Niliandika lini?"