Kitabu Chini ya Godoro

Akina mama wenzetu, sisi wa Tarime karibu tukichome kitabu. Mwenzetu mmoja alikikuta chini ya godoro la binti yake, akatuletea baada ya ibada. Tulisikia ni habari za watu kurushwa angani, tukaingiwa na hofu.

Kabla ya kiberiti tukaamua tukisome, kwa zamu. Ni "Walenisi", riwaya ya Katama Mkangi wa Kenya, ya mwaka 1995. Dzombo anahukumiwa kufa, anatiwa ndani ya chombo na kurushwa angani. Hafi. Anafika Walenisi, nchi ya watu walio sawa. Tukalikata lile jina: wale ni sisi. Tulicheka, kisha tukanyamaza.

Ilikuwa Novemba, na Desemba ndio mwezi wa ukeketaji, kwetu na kwa jirani zetu wa Serengeti. Binti alimuuliza mama yake, "Huko Walenisi nako wasichana wanakatwa?"

Mama hakulitafuta jibu kitabuni. Alisema hapana, na wewe hukatwi.

Tulimsindikiza kwa mama mkwe wake, aliyekwisha kununua kanga za sherehe. Hata chai hatukukaribishwa. Kitabu amerudishiwa binti, nasi tunangoja zamu ya kukirudia.